Kiboko Aliyekataa Mchezo Uishe

Niwape, nisiwape?

Tupe!

Niwape ya kweli au ya uongo?

Ya uongo! Ya kweli tunayo nyumbani!

Basi sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye njaa ajifunge kibwebwe, mwenye usingizi alale pembeni asije akaangukia watu. Ngano inaingia.

Ikae kitako!

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana, palikuwa na chemchemi chini ya kilima cha mawe. Chemchemi ndogo. Ndogo kweli, ukipiga chafya karibu yake inatikisika mpaka jioni. Wenyewe nao walikuwa wadogo: Nguchiro, Digidigi, Pimbi, Panya Buku, na ukoo mzima wa wale ambao ukiwakanyaga huna habari mpaka uanze kuchechemea. Walikunywa kwa zamu, kila mmoja kiasi cha ulimi wake, na maji yakawatosha.

Ng'ambo ya kilima alikaa Kiboko. Kiboko alikuwa na bwawa lake mwenyewe, kubwa, na humo hakumruhusu mtu hata kunawa uso. Kiangazi kikaja. Bwawa likawa uji. Uji ukawa ugali. Kiboko akabaki amekaa katikati kama kitoweo.

Akainuka. Akapanda kilima, tifu, tifu, tifu. Akashuka kilima, tifu, tifu, tifu. Akaiona chemchemi, akatangaza kwamba kuanzia sasa hapo ndipo makao yake. Digidigi akamuuliza kwa adabu, mguu mmoja umeshaanza kukimbia, kwamba mjomba akikaa humo maji nayo yatakaa wapi. Kiboko akajibu kwamba hilo wayaulize maji.

Sasa nchi ile ilikuwa na desturi. Ugomvi wa maji haukuamuliwa kwa meno, maana kwa meno wangebaki watu watatu tu duniani. Uliamuliwa kwa mchezo. Na mchezo wenyewe ndio huu ambao watu wa ng'ambo wanauita besiboli. Huko wanalipwa kuucheza, na bado wanagombana: mchezo ukielemea upande mmoja, uendelee mpaka mwisho, au ukatishwe watu wakale? Wanyama hawakulipwa. Wao waliuita Piga-Kimbia.

Unachezwa hivi. Mmoja anarusha ndulele, lile tunda la njano la porini ambalo halina mlaji. Mwenzake ana rungu. Anaipiga, kwaa! Anakimbia. Kichuguu cha kwanza, cha pili, cha tatu, nyumbani. Hiyo ni duru moja. Ndulele ikidakwa hewani, aliyeipiga amekufa. Akikosa kuipiga mara tatu, amekufa. Amekufa kimchezo, msianze kulia. Wakifa watatu, upande ule umemaliza zamu, na wenzao wanashika rungu. Mgeni ndiye anayeanza kupiga, kama ilivyo kwenye chakula: mgeni hupakuliwa kwanza. Hawa wapige, wale wapige, duru zihesabiwe, aliyezidi amezidi.

Mwamuzi alikuwa Bi Kakakuona, mama mmoja mwenye magamba kuanzia utosini hadi mkiani, mfupi wa maneno na haoni mbali. Ukimbishia anajikunja, anakuwa mviringo. Sasa utabishana na mviringo?

Bi Kakakuona akawaita pande zote mbili, akawaeleza masharti. Mchezo unaanza jua likichomoza, unakwisha jua likizama, kwa sababu usiku yeye ana shughuli zake na mchwa. Kiboko akishinda, chemchemi ni yake. Akishindwa, aondoke. Na kama jua litazama upande mmoja haujamaliza zamu na upande wa pili haujashika rungu, basi hapo hapakuwa na mchezo, na mwenye chemchemi anabaki na chemchemi yake.

Kiboko hakusikiliza. Alikuwa anayatazama maji.

Nguchiro alisikiliza. Alisikiliza kwa masikio yake mawili, akaazima na ya Digidigi.

Wadogo wakajikusanya nyuma ya jiwe. Digidigi alikuwa tayari analia, anasema wamekwisha, watoto watakufa kiu, upande wa pili kuna Nyati, kuna Kifaru, kuna Kiboko mwenyewe, na wao wana Panya Buku ambaye rungu likimwangukia ni msiba. Nguchiro akamwacha alie mpaka apumue. Kisha akasema:

"Leo kazi yetu ni moja. Tusidake."

"Tusidake nini?"

"Chochote. Wakipiga, ikimbilie. Ukiifikia, ikose. Wape mpaka wavimbiwe."

"Halafu sisi tutapiga lini?"

"Ndugu yangu, tukipiga tu, tumekwisha."

Digidigi hakuelewa. Na wewe pale nyuma hujaelewa, nakuona. Subiri.

Jua likachomoza. Filimbi ikalia, fiii! Nguchiro mwenyewe ndiye aliyerusha ndulele kwa upande wake, na alizirusha polepole, tamutamu, kama anamlisha mtoto.

Akaja Nyati. Kwaa! Ndulele ikaruka. Nyati akakimbia, gidi gidi gidi, kichuguu cha kwanza, cha pili, cha tatu, nyumbani. Duru.

Akaja Kiboko. Kwaa! Ndulele ikaruka. Kiboko akakimbia, tifu tifu tifu, kichuguu cha kwanza, cha pili, cha tatu, nyumbani. Duru.

Akaja Kifaru. Kwaa! Ndulele ikaruka. Kifaru akakimbia, kichuguu cha kwanza, cha pili, cha tatu, nyumbani akapapita, akaingia porini, tukasikia mti umelala. Bi Kakakuona akasema huyo ametoka nje ya njia, amekufa. Mmoja.

Ngoja nikuambie, wadogo waliingiwa na hofu. Wakifa wawili zaidi, zamu itawageukia wao. Lakini wakubwa walirudi mstarini kwa nguvu. Kwaa, duru. Kwaa, duru. Jua halijafika hata kwenye bega la kilima, mambo yalikuwa arobaini kwa bila. Pimbi alikuwa amekimbilia ndulele nyingi na kuzikosa zote kwa ustadi mkubwa. Kukosa nako ni kazi, usidharau.

Hapo Nguchiro akamwendea Kiboko, akapiga magoti, vumbi usoni, sauti imekatika kama ya mwombolezaji wa kulipwa. Akamwambia mjomba, tumeshindwa, mbele ya watoto wetu tunaaibika, mchezo gani huu wa arobaini kwa bila, tuhurumie tuishie hapa, hesabu umeshinda.

Kiboko akamtazama toka juu. Akajilamba.

"Bado," akasema. "Sijashiba."

Digidigi nusura azirai. Akamvuta Nguchiro kando, akamuuliza je, angekubali? Mtu anaomba kunyongwa kwa hiari yake! Nguchiro akajifuta vumbi, akamuuliza kama amewahi kumwona mjomba akibakisha kitu sahanini. Digidigi akafikiri. Hakuwahi.

Wakaendelea. Kwaa, duru. Kwaa, duru. Jua likafika utosini. Nguchiro akaenda tena, akapiga magoti tena, akalia tena. Tuhurumie, mjomba. Kiboko akasema nini?

Bado, sijashiba!

Kwaa, duru. Kwaa, duru. Ngiri, mpigaji wao mmoja, akakosa mara tatu kwa sababu ya kizunguzungu, akafa. Wa pili huyo. Sasa amebaki mmoja tu, akifa huyo wadogo wanashika rungu na wameliwa. Nguchiro akaanza kuzirusha polepole zaidi, zikawa zinafika kwa mpigaji zimeshamsalimia. Jua likainamia magharibi. Nguchiro akaenda, akapiga magoti, akalia. Kiboko akasema nini?

Bado, sijashiba!

Basi Nyati, ambaye si mwerevu lakini miguu ilikuwa inamfundisha, akamwendea Kiboko. Akamwambia kwamba duru zimekuwa nyingi hadi hazina pa kuwekwa, watu wamechoka, afadhali mmoja wao ajikosee kwa makusudi, afe, hao wadogo wapewe rungu. Watapiga nini wale? Mchezo utakwisha kabla jua halijagusa mlima, wakanywe maji.

Kiboko akalitazama jua. Akaitazama chemchemi. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama kiatu. Akasema, "Haya."

Hapo, ndugu zangu, wadogo waliona chemchemi inaondoka. Pimbi alifumba macho. Lakini Nguchiro alikuwa ameshafika miguuni pa Kiboko, anashukuru.

"Asante sana, mjomba. Mungu akuzidishie. Nilikuwa nawaambia hawa vijana, jamani mjomba amechoka, mtu mzima yule, tumwache apumzike."

"Nani amechoka?"

"Hakuna aliyechoka, mjomba. Ni magoti tu."

"Magoti ya nani?"

"Ya mjomba. Ila kwa umri wako unajitahidi."

Kiboko akamnyang'anya Nyati rungu. Akasema atapiga mwenyewe, na atapiga tena, na atapiga mpaka Nguchiro ajue magoti ni nini. Nyati akajilaza chini pale pale, akaomba aamshwe mwakani.

Nguchiro akarusha. Kiboko akavuta rungu kutoka nyuma, hewa ikalia vuuu, kisha kwaa! Ndulele ikapanda. Ikapanda. Ikawa kama nyota ya mchana. Halafu ikaanza kushuka, na chini yake, katikati ya uwanja, alikuwa amesimama Digidigi, anawaza maji, hajui kama dunia inaendelea. Ndulele ikashuka moja kwa moja, ikachomeka, cho! kwenye pembe yake ya kulia.

Uwanja mzima ukageuka kumtazama.

Digidigi akapeleka macho juu, akaiona ndulele iko kichwani pake. Maisha yake yote hakuwahi kudaka kitu. Hata homa ilimkosa. Uso ukamjaa furaha, akasahau kila alichoambiwa, akatangaza kwa uwanja mzima kwamba ameidaka.

Sasa je, hiyo imedakwa au imechomekwa? Bi Kakakuona hakuweza kusema akiwa mbali, macho hayamruhusu. Akaanza kwenda kuhakikisha, polepole, magamba yakilia cheke, cheke, cheke. Jua limebakiza ukucha. Akifika akaona, Kiboko amekufa wa tatu, wadogo wanashika rungu, wanapiga hewa mara tatu mara tatu, mchezo umekwisha kabla giza halijaingia, chemchemi imekwenda. Kiboko mwenyewe alisimama njiani hajui akimbie au afe.

Bi Kakakuona akafika, akainua pua.

Nguchiro akapaza sauti ya ukali, sauti ile ya mama yako mbele ya wageni: "Digidigi! Mtu mzima amesimama mbele yako hujamwamkia?"

Digidigi alilelewa. "Shikamoo, Bi Kakakuona," akasema, akainama.

Pu.

"Marahaba," akasema Bi Kakakuona. Akaitazama ndulele mchangani. "Imegusa chini. Kimbia, Kiboko."

Na Kiboko akakimbia. Kichuguu cha kwanza, cheko. Cha pili, cheko kubwa. Cha tatu, amefungua mdomo mpaka tunaona alichokula utotoni. Akakanyaga nyumbani, duru, akainua rungu juu kuomba ashangiliwe. Na jua, dubwi, likazama.

Fiii!

Bi Kakakuona akasema watu waende kwao. Kiboko akasema ndiyo, yeye anakwenda kwake, akageukia chemchemi. Bi Kakakuona akamuuliza anakwenda wapi. Akasema kwenye zawadi ya mchezo. Bi Kakakuona akamuuliza mchezo upi.

"Huu tulioucheza tangu asubuhi," akasema Kiboko.

"Hawa wenzio walipiga lini?"

Kiboko akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akamtazama Nguchiro, ambaye alikuwa anajikuna.

"Upande mmoja kupiga siku nzima si mchezo," akasema Bi Kakakuona. "Hayo ni mazoezi. Hongera, mmefanya mazoezi mazuri."

Kiboko akafungua mdomo abishe. Bi Kakakuona akajikunja.

Ungedhani yamekwisha. Hayajaisha. Mkubwa akishindwa kwa sheria haoni kosa lake, anaiona sheria. Kesho yake Kiboko akaitisha baraza la wanyama wote. Alikuwa na kiu ya siku nzima na usiku wake, sauti imekuwa ya mchanga. Akatoa hotuba, na kwa kweli hotuba ilikuwa nzuri, angeitoa mtu mwingine tungelia. Akasema haifai, haifai kabisa, kuwatesa wanyonge kwa mchezo ulioelemea upande mmoja. Wanaumia. Wanaaibika. Wazazi wao wanatazama. Watazamaji nao wanasinzia, wanakanyagwa. Akasema imemuuma sana jana kuwaona wadogo wanalia na yeye hana la kufanya. Kwa hiyo anapendekeza sheria mpya, na iitwe Sheria ya Huruma: upande wowote ukimzidi mwenzake kwa duru kumi, mchezo umekwisha papo hapo na unahesabika, hata kama huyo mwingine hajagusa rungu.

Hapo kwenye kugusa rungu alikohoa kidogo, akarudia mara mbili ili Bi Kakakuona asikie.

Mnakumbuka jana nani alikuwa anaomba mchezo ukatishwe? Nguchiro. Basi huyo huyo Nguchiro akasimama, akapinga. Akasema hapana, wakubwa zangu, msitukatie mchezo. Aliyezidiwa asubuhi anaweza kuamka mchana. Sisi wadogo tuna haki ya kushindwa mpaka mwisho kama watu wengine. Na huruma gani hii inayomtuma mtu nyumbani hajapewa hata nafasi ya kujaribu? Aliongea kwa uchungu, Panya Buku akajifuta machozi. Panya Buku hakuwa anaigiza, yeye hakuambiwa kitu.

Kiboko akasikiliza, akawaza: jana huyu alitaka mchezo uishe, na kumbe hakutaka uishe. Leo hataki sheria. Basi leo hataki kweli, maana siwezi kudanganywa mara mbili. Akaisukuma sheria kwa nguvu zote. Ikapita. Akaongeza kwamba marudiano yachezwe kwake, kwenye uwanja wa nyumbani, mbele ya jamaa zake, na atakayeshindwa hatalitaja tena jina la chemchemi ile mpaka anazeeka.

Nguchiro akainamisha kichwa, akasema kwa kuwa mjomba amesema kwake, hawana budi, watakuja. Kama wageni.

Mmecheka kabla ya Kiboko. Ninyi hamfai.

Asubuhi ya marudiano, jamaa wote wa Kiboko walijipanga kando ya bwawa kavu. Kiboko alikuwa ameshika rungu tangu alfajiri, analipaka mate, analibusu. Filimbi ikalia, akaenda kusimama pa kupigia. Bi Kakakuona akamwuliza anafanya nini hapo. Akasema anapiga. Bi Kakakuona akamkumbusha kwamba yuko nyumbani, na mgeni hupakuliwa kwanza.

Kiboko akalirudisha rungu. Hakujali sana. Wadogo watakufa watatu kabla hajamaliza kupiga miayo, kisha yeye atapiga kumi, sheria itamaliza kazi. Akampa Nyati ndulele, akamwambia arushe.

Sasa kuna sharti moja la mchezo sikuwaambia, kwa sababu siku ya kwanza halikumsumbua mtu. Anayerusha lazima apitishe ndulele kati ya goti na bega la mpigaji. Akirusha mbovu mara nne, mpigaji anatembea bure mpaka kichuguu cha kwanza, na waliotangulia wanasogea. Kwa Kifaru, kati ya goti na bega ni ukuta wa nyumba, ukikosa una lako jambo. Lakini mgeni wa kwanza kupakuliwa alikuwa Panya Buku.

Panya Buku akasimama. Kati ya goti lake na bega lake mlikuwa na nafasi ya kuingiza punje ya mtama, tena mtama wa mwaka wa njaa.

Nyati akarusha, vuuu.

"Juu," akasema Bi Kakakuona.

Nyati akarusha chini zaidi, vuuu.

"Juu."

Akainama, akarusha, vuuu.

"Juu."

Akalala kifudifudi, mkia hewani, akaibiringisha.

"Hiyo imetambaa. Tembea, Panya Buku."

Panya Buku akatembea. Akaja Nguchiro, akajibana. Juu, juu, juu, tembea. Akaja Pimbi, amekaa kama mkate. Juu, juu, juu, tembea. Vichuguu vikajaa. Akaja shangazi yake Panya Buku, mfupi kuliko wote. Juu, juu, juu, tembea, na Panya Buku akasukumwa mpaka nyumbani bila kutoka jasho. Duru.

Kiboko akaja mbio, akainama mpaka pua yake ikamfunika mpigaji aliyefuata.

"Wewe, simama wima."

"Nimesimama, mjomba."

"Simama kama watu."

"Watu wenyewe ndio hivi, mjomba."

Juu, juu, juu, tembea, duru. Juu, juu, juu, tembea, duru. Hakuna aliyepiga kitu, hakuna aliyekimbia. Walizunguka vile vichuguu kama watu wanaotoka sokoni, wanaulizana habari za nyumbani. Walimficha Digidigi nyuma ya jiwe kwa sababu ana miguu mirefu, na Digidigi aliridhika, alikuwa na la kusimulia juu ya pembe yake. Jamaa wa Kiboko, ambao walikuja kushangilia, walianza kuhesabu bila kupenda. Sita. Saba. Nane.

Kwenye tisa Kiboko akaelewa. Jasho likamtoka hata pasipo na maji mwilini. Akamfuata Nguchiro kwenye kichuguu cha tatu, na safari hii yeye ndiye aliyepiga magoti, tifu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mpwa wangu, tusikatishe mchezo, mchezo ni mtamu, tuendelee tu mpaka jua lizame, aliyezidiwa asubuhi anaweza kuamka mchana. Yeye hajagusa hata rungu.

Nguchiro akamshika ukucha kwa heshima.

"Mjomba, sisi tulikuambia hivyo hivyo barazani. Ukatushinda kwa hoja."

Nyuma yao Bi Kakakuona alikuwa anasema juu. Juu. Juu. Tembea. Nguchiro akapiga hatua moja, akakanyaga nyumbani, kumi, fiii, mchezo umekwisha, na umande ulikuwa bado kwenye majani.

Wadogo wakarudi kwao mapema hata kabla ya uji. Wakanywa kwa zamu, kila mmoja kiasi cha ulimi wake, na Digidigi akapewa ya kwanza kwa sababu aliinama vizuri.

Kiboko je? Kiboko akalibeba rungu lake kavu, akatembea mpaka mto mkubwa wa mbali, akazama. Huko ndiko aliko hadi leo. Mchana kutwa amejificha mwili mzima, macho tu ndiyo yako juu ya maji, analitazama jua limefika wapi. Hatoki kwenda kula mpaka lizame kabisa, giza liwe giza, mtu asipate nafasi ya kumwalika mchezoni.

Ngano hii ina funzo, maana ngano isiyo na funzo wazee hawailipii chakula. Funzo la kwanza ni kwamba mchezo ukielemea upande mmoja ukatishwe mapema, kwa huruma. La pili ni kwamba usikatishwe kamwe, kwa huruma hiyo hiyo. Chagueni linalowafaa kulingana na nani anaongoza. Na la tatu, hili watoto walishike sana: mtu aseme kweli siku zote, asiombe asichokitaka, asikatae anachokitaka, asimcheke mtu mzima kuhusu magoti yake. Mtazameni Nguchiro. Alikuwa mkweli kila alipofunga mdomo, na malipo yake mmeyaona.

Nimeufikia ukoko, sufuria ni tupu. Ikiwakolea, ondokeni nayo. Isipowakolea, iacheni hapo mlangoni.

Tumeondoka nayo!

Nendeni polepole. Anayewafuata nyuma gizani ni mjomba, ametoka kwenda kula.